Kipande cha Kwanza cha Nyama

Madamu alitangaza siku ya Jumatano, pini zikiwa bado kati ya midomo yake. Alisema Jumamosi tungefunga duka saa sita mchana, sote wanne, twende tukale nyama.

"Mgeni wetu amemaliza miezi mitatu," alisema. "Ni wakati alishwe."

Mgeni nilikuwa mimi. Dada wa overloki, ambaye kazi yake ni kufunga kingo za vitambaa zisifumuke, alipiga makofi. Fundi wa suti aliinua kichwa kutoka kwa pasi. "Hatimaye," alisema. "Tumbo langu lilikuwa limeanza kumchukia huyu mtoto kwa kukawia."

Walicheka. Mimi nilikanyaga cherehani kwa haraka, na nilipotazama nikaona sindano haikuwa na uzi. Nilikuwa nimetoboa mashimo matupu mstari mzima.

Duka letu liko Machakos mjini, juu ya duka la mbegu. Tunashona nguo za harusi, na Madamu ana desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Mtu mpya hushona bitana na vifungo mpaka Madamu aridhike naye. Akisharidhika, humpeleka hotelini, hukata kipande cha kwanza cha nyama na kumlisha kwa mkono wake mbele ya wenzake, vile maharusi wanavyolishana keki. Ukishakula, wewe ni fundi. Jumatatu inayofuata unapewa gauni la bibi harusi ulikate mwenyewe. Langu lilikuwa limeshapangwa. Lilikuwa la satini nyeupe, la bibi harusi kutoka Kangundo, na harusi yake ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Nilikuwa na siku tano. Hakukuwa na siku ya kuugua.

Na mimi nilikuwa na ugonjwa ambao hakuna mtu dukani aliyeujua.

Ngano huniangusha. Shayiri pia. Daktari aliutaja ugonjwa huo kwa jina refu ambalo mpaka leo siwezi kulitamka. Alisema utumbo wangu unaona ngano kama adui, na unapopigana nayo unajiumiza wenyewe. Hata punje moja hutosha. Nikila, tumbo huvimba kabla ya jioni, kisha nahara na kutapika, kisha siku tatu za kulala bila nguvu ya kushika hata kijiko.

Nilijua hayo nikiwa na miaka kumi na saba. Kabla ya hapo nilikuwa tu mtoto mwenye tumbo kubwa na miguu myembamba. Shuleni, kwetu Kola, waliniita Mtungi. Nilipewa dawa za minyoo, nikaombewa, susu, nyanya yangu, akanichemshia mizizi michungu. Nilimaliza darasa la nane nikiwa nimekosa masomo siku nyingi sana, nikabaki nyumbani. Siku daktari alipotueleza, mwaitu, yaani mama, aliuliza, "Hata chapati ya Krismasi?" Daktari akasema hata hiyo. Mama yangu alilia njia nzima. Nadhani hakuwa akililia chapati. Alikuwa akihesabu zote alizonipikia kwa upendo.

Ungedhani mtu akishajua, basi amepona. Lakini kujua ni jambo moja na kusema ni lingine. Mimi ni mtu wa kuona haya. Watu wakinitazama, maneno hurudi tumboni. Kazi yangu ya kwanza mjini ilikuwa mahali pa kushona sare za shule. Kila saa nne waliletewa chai na mandazi, na mwenye mahali hapo alikuwa akitugawia mwenyewe kwa mkono. Nilishindwa kumwambia hapana. Nilikula mara tatu, nikaanguka mara tatu. Mara ya tatu niliporudi nilikuta mtu mwingine kwenye cherehani yangu. "Enda upone kwanza," mwenye kazi aliniambia, si kwa ubaya. "Hapa tunahitaji mtu mzima."

Ndiyo maana kwa Madamu nilijificha. Nilisema mimi si mtu wa kula asubuhi. Mchana nilikula muthokoi wangu kutoka kwa kopo, mahindi na maharagwe niliyopika mwenyewe. Maharusi walipotuletea keki kutoka harusini, nilifunga kipande changu kwa masalio ya bitana, na wikendi nikakipeleka nyumbani. Kuku wa mwaitu wamekula keki nyingi za harusi kuliko mtu yeyote Kola.

Lakini kipande cha kulishwa mdomoni huwezi kukifunga kwa bitana.

Nyama yenyewe hainidhuru. Kinachonidhuru ni vitu vinavyoikaribia. Kuna sosi inayotiwa unga ili iwe nzito, na viungo vya paketi. Chapati hupashwa moto kwenye wavu ule ule wa nyama. Chips nazo huchovywa kwa mafuta yaliyokaanga sambusa. Muuguzi mmoja aliwahi kuniambia, "Kama mdomo wako hauwezi, mkono wako useme." Kwa hiyo Ijumaa jioni nilichukua kadibodi ya vifungo vilivyoisha, nikaandika nyuma yake. Naandika polepole. Niliharibu kadi mbili, ya tatu ikatoka hivi:

Tafadhali. Siwezi kula ngano wala shayiri hata kidogo. Nyama yangu iwe ya chumvi pekee. Isiguse chapati, sosi, viungo wala unga. Asante sana.

Hoteli ilikuwa nje ya mji, upande wa kwenda Lukenya, mpya, yenye viti vya ngozi na kisu kikubwa kwa kila mtu. Jiko la kuchomea lilikuwa nyuma ya kioo, ili wateja waone. Madamu aliagiza steki moja kubwa yenye mfupa ya kugawana, ugali, kachumbari, na chapati kwa wanaotaka. Mwanamume aliyevaa tai ya kipepeo aliandika. Nilisema naenda kunawa mikono, nikamfuata, nikamnyooshea kadi bila neno.

Alisoma, akatabasamu. "Siste, hapa ni nyama tunauza. Ngano iko kwa watu wa mkate."

"Mwonyeshe anayechoma," nilisema. "Tafadhali."

"Sauti kumbe iko!" alisema, lakini akaenda.

Nilirudi mezani nikatazama kupitia kioo. Mchoma nyama alikuwa mwanamume mnene wa makamo. Aliishika kadi mbali na macho, akasoma midomo ikicheza, akaikunja vizuri na kuitia mfuko wa aproni. Halafu alifanya jambo lililonifanya nipumue. Aliziondoa chapati zote zilizokuwa pembeni mwa wavu, akausugua wavu kwa brashi ya waya, akaweka steki yetu katikati. Mhudumu aliponipita aliinama. "Amesema usijali. Chumvi tu. Ngano haitaikaribia."

Mabega yangu yalishuka. Kwa muda wa nusu saa hivi nilikuwa na furaha. Dada wa overloki alikuwa akisimulia juu ya bwana harusi aliyenenepa wiki mbili kabla ya harusi, mpaka suti ikafunguliwa mgongoni. Fundi wa suti aliagiza bia. Madamu, ambaye ni mtu wa kanisa, alimtazama.

"Mchana huu wote?"

"Madamu, usinihukumu. Hii ni shayiri. Umeona hata wamechora suke lake hapa kwa chupa? Ni uji. Mimi nakunywa uji baridi."

"Uji unaokufanya ushone mguu wa suruali kwa mkono wa koti."

"Ilikuwa mara moja tu!"

Walicheka, nami nikacheka nao, kisha neno lile likanifikia. Shayiri. Niliitazama chupa. Suke la shayiri lilikuwa pale kwenye karatasi yake, la rangi ya dhahabu. Kwetu hakuna mtu anayekunywa. Sijawahi kushika chupa ya bia mkononi. Nilipoandika kadi yangu nilifikiria chapati, sosi, sambusa. Bia haikunijia kabisa, kama vile huwezi kufikiria theluji ukiwa Kola.

Niligeuka kwa kioo. Mchoma nyama alikuwa na chupa kama ile, ameziba mdomo wake kwa kidole gumba, anainyunyizia steki yetu. Moto uliruka. Aligeuza nyama, akanyunyiza upande wa pili. Alikuwa akitabasamu kama mtu anayefanya kazi yake vizuri.

Nilijaribu kusimama. Nikakaa tena. Nilijiambia moto utachoma shayiri yote, ingawa nilijua moto hauchomi kitu hicho. Nilijiambia nitakula kidogo. Kisha nikaona steki inakuja juu ya ubao, ikitoa moshi, mezani kukapigwa vigelegele, na Madamu akavua saa yake ya mkononi na kuiweka kando.

Alikata kipande kutoka karibu na mfupa, mahali patamu zaidi. Alisimama. Wateja wa meza nyingine waligeuka.

"Huyu hakunipa shida hata siku moja," alisema. "Mkono wake ni mtulivu. Kuanzia leo ni fundi. Fungua mdomo, mwanangu."

Nyama iligusa midomo yangu. Ilikuwa moto, na harufu yake ilikuwa nzuri kupita kiasi. Niliwaza satini nyeupe. Nikifungua mdomo, mimi ni fundi leo, na Jumatatu niko kitandani. Nisipofungua, nimekataa mkono wa aliyenipa kazi mbele ya watu.

Niligeuza uso.

Vigelegele vilikatika. Kipande kilibaki hewani, mafuta yakidondoka kwa kitambaa cha meza.

"Unakataa mkono wangu?" Madamu aliuliza kwa sauti ya chini.

Maneno yalikuwa yamerudi tumboni. Nilinyoosha kidole kwa kioo, kwa chupa iliyokuwa kando ya moto. Dada wa overloki alifuata kidole changu.

"Aaa! Madamu, nyama imelishwa pombe. Huyu si ameokoka?"

Uso wa Madamu ulilegea. "Ni hiyo tu? Si ungesema! Hata mimi singekula kama ningeona." Akamwita mhudumu. "Kijana, leta ingine kwa huyu, isiyo na bia. Halafu umpakie ile sosi yenu nyeusi, ndiyo ilainike."

Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ajili yangu, mzuri, wa heshima. Ningeitikia tu kwa kichwa. Lakini nyuma ya mlango huo kulikuwa na sosi, na nyuma ya sosi kulikuwa na chai ya Jumatatu, na nyuma ya chai, keki ya bibi harusi wa Kangundo. Nilielewa kwamba ningedanganya kila siku mpaka siku ya kuanguka.

"Si wokovu," nilisema. "Ni ngano. Na shayiri. Niko na ugonjwa."

Dada wa overloki alisogeza glasi yake. "Wa kuambukiza?"

"Aiee, hapana. Wa tumbo. Nikila ngano naanguka."

"Mimi nikikosa shayiri ndiyo naanguka," fundi wa suti alisema, lakini hakuna aliyecheka.

Madamu alikiweka kile kipande kwenye ubao. Alikaa. "Miezi mitatu uko na mimi. Na keki zote zile?"

"Zililiwa na kuku."

"Kuku gani?"

"Kuku wa mwaitu. Kola."

Fundi wa suti alipaliwa na bia yake, akageukia ukutani mabega yakitetemeka. Madamu hakucheka. Alinitazama kama anavyotazama mshono, akitafuta mahali ulipolegea.

"Kule kwa sare za shule, ni hii ilikutoa?"

"Ndiyo."

"Na mimi ukanificha." Alipangusa vidole vyake kimoja kimoja. "Jumatatu niko na satini ya mtu. Haikatwi mara mbili. Niambie ukweli. Utaanguka?"

"Nikila hii, nitaanguka. Nisipoila, siwezi kuanguka."

"Basi enda kwa huyo anayechoma umwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Kutoka mezani mpaka jikoni ni hatua chache, lakini sikumbuki nilivyozitembea. Nilimwamkia mchoma nyama kwa Kikamba, kwa sababu kwa Kikamba sauti yangu hutoka kidogo. Nilimwambia bia ni shayiri.

Alitoa kadi mfukoni, akaikunjua kwa vidole vyenye masizi, akasoma upya. "Sijaona bia hapa."

"Sikuiandika. Ni kosa langu."

"Niliona mna sherehe," alisema, na niliona nimemuumiza. "Hiyo bia hakuna aliyeniagiza. Sisi huinyunyizia nyama ya mtu wa maana."

Nilimwambia nashukuru. Nilimwambia pia, na sijui nilitoa wapi ujasiri, kwamba naomba kipande kingine, kiwekwe juu ya karatasi ya foili, kikatwe kwa kisu kilichooshwa. Aliguna. "Nyama ya chumvi tu, kama ya mtu wa wodi." Lakini alikata, akaosha kisu mbele yangu, akatandika foili. Nilisimama pale muda wote, macho yangu kwa mikono yake. Mara moja mtu alimwita kutoka nyuma, nami nikageuka pia kama mjinga. Nilipogeukia moto, alikuwa ameshika koleo na ameshaigeuza nyama yangu.

"Hilo koleo ni lile la kwanza?"

"Nimelisugua pamoja na kile kisu."

"Una hakika?"

"Mama, nimelisugua."

Nilirudi mezani na sahani yangu. Wenzangu walikuwa wakila. Nilingoja Madamu akate kipande, anilishe, mambo yaishe. Hakukata. Alinisogezea bakuli la ugali ambao hakuna aliyekuwa ameugusa.

"Kula mwenyewe," alisema. "Mkono wangu leo umeshika chapati."

Nilikula. Kila tonge nililitafuna nikijiuliza kama neno lile lilikuwa la kunilinda au la kunifukuza. Usoni mwake sikuona chochote. Aliongea juu ya bei ya lesi. Tulipoagana kwenye stendi alimwambia kila mtu "tuonane Jumatatu." Mimi alinitazama tumboni, halafu usoni, akaenda.

Jumamosi hiyo jioni, nikiwa Kola, nilikaa nikisikiliza tumbo langu. Mwaitu aliuliza sherehe ilikuwaje, nikasema nzuri. Jumapili kanisani nilijishika chini ya kifua wakati wa mahubiri yote. Kulikuwa na maumivu kidogo upande wa kushoto. Yalikuwa ya woga au ya koleo? Tuliposimama kuimba, niliimba nikiwa nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Mchana sikula. Niliogopa kuchanganya habari za tumbo.

Jumatatu niliamka kabla ya jogoo na kulala tuli, nikijikagua kutoka koo kwenda chini. Hapakuwa na kitu. Tumbo lilikuwa laini, likinguruma kwa njaa ya kawaida. Niliinuka nikavaa haraka, kama mtu anayetoroka na kitu cha wizi.

Nilifika dukani wa kwanza, nikakaa kwenye ngazi. Madamu alipokuja alisimama mbele yangu, funguo mkononi.

"Umeamkaje?"

"Vizuri."

"Simama nikuone." Nilisimama. Aliguna, akafungua mlango. Cherehani yangu ilikuwa imefunikwa. Meza ya kukatia ilikuwa tupu. Satini sikuiona. Nilianza kutafuta kikapu cha vifungo, kwa sababu mtu ambaye hajalishwa ni wa vifungo.

Wengine walifika. Saa nne chai ilikuja na chapati zake. Nilikuwa natoa kopo langu la muthokoi niliposikia maji yakimwagika. Madamu alikuwa kwenye karai, ananawa kwa sabuni, kuanzia vidole mpaka kwenye viwiko, kama daktari. Alijipangusa kwa kitambaa kipya cha bitana. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kiazi kitamu cha kuchemsha kilichofungwa peke yake, akakimenya.

"Hiki nimekipika kwa sufuria ambayo haijawahi kupika kitu kingine," alisema. "Niliinunua jana. Fungua mdomo."

"Viazi!" fundi wa suti alilia kutoka kwa pasi yake. "Sisi tulilishwa steki, huyu analishwa viazi! Madamu, hii ni dharau kwa kazi yetu!"

"Wewe kunywa uji wako."

Kipande kilikuwa kikubwa mno, na baridi, na kikavu. Nilitafuna mashavu yakiwa yamejaa, wote wakinitazama, nami kwa mara ya kwanza sikutazama chini. Madamu hakungoja nimeze. Alivuta satini kutoka kabatini, akaitandaza juu ya meza nzima mpaka ikaning'inia pembeni, nyeupe, bila alama hata moja, akaweka mkasi mkubwa juu yake.

"Kata," alisema.